Dua ya Uji

Majengo, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na amani iwe nawe hapo Msambweni. Miguu inaendeleaje? Usinijibu "nzuri" kwa mazoea, maana mdogo wangu Bakari ameshaniambia unatembea kwa kushika ukuta. Sisi tu wazima, na mahamri yanauzika. Ila tangu tumzike mume wangu, chumba kile kile tulimokuwa tukigongana viwiko kimekuwa kikubwa mno.

Uliniuliza kwa simu mazishi yalikwendaje, nikakwambia salama. Hayakwenda salama, mama.

Kule kwao Bungoma, jeneza liliposhushwa, wazee walimwita Tumaini mbele, atie udongo kwanza na kumwombea baba yake. Binamu zake hilo si kazi kwao, wamelelewa kanisani. Mwanangu akasimama na udongo mkononi, akanitazama. Wallahi nilitamani ardhi inimeze na mimi! Kisha akafumba macho, akasema dua pekee anayoijua, ile wanayosema shuleni kabla ya kugawiwa uji: "Mungu, bariki uji huu, na wasio nao uwape."

Watoto wakacheka. Mzee mmoja akasema "Amina" kwa sauti kubwa, wakanyamaza.

Tuliporudi huku, nakanda unga, akaniuliza, "Mathe, ile ya uji haikufaa, si ndiyo?"

Nikamwambia ilifaa.

"Sasa mbona walinicheka? Nifunze ile yenyewe."

Nikazidi kuukanda ule unga. Mimi, niliyekariri juzuu nzima ya Kurani chuoni!

Unajua tulivyokubaliana, Wekesa na mimi: mtoto tumpe jina lisilo na msikiti wala kanisa, na dini achague mwenyewe akikua. Ukaninunia hadi mtoto akaota meno. Lakini mama, Wekesa alikuwa na makovu mgongoni, baba yake alimchapa kwa kusinzia ibadani. Alisema hataki mwanawe amjue Mungu kwa mkanda. Ningembishia vipi? Na mimi nami, baba alipofariki, ni maneno uliyonifundisha wewe yaliyonishika mkono. Sijui kati yenu nani alikuwa na haki. Ninachojua ni kwamba mwanangu ana uchungu na hajui aupeleke wapi, na uchungu huo unaniua nami.

Basi likizo hii namleta kwako. Haya, tabasamu, nakuona! Mfundishe kuomba, taratibu, na ile fimbo yako ikae uvunguni.

Ila nina ombi, na ninaliandika huku nalia. Atakuuliza baba yake yuko wapi sasa, kwa sababu hakuwa Mwislamu, na watoto wa hapa mtaani wameshamwambia maneno. Najua jibu ulilofundishwa, nami nilifundishwa hilo hilo. Nakupigia magoti, mama, usimpe. Mkumbatie tu. Akitaka kumwombea, mwache amwombee, hata kama ni kwa ile dua ya uji.

Nisalimie Bakari na mkewe, na shangazi Mwanaidi, mwambie ule mkeka wake ndio Tumaini anaolalia. Mpe pole mkunga wetu mzee, nasikia macho yamemwishia.

Ni mimi mwanao, na mke wa Wekesa bado,

Mwanajuma