Mlango wa Bi Muzna

Anuar, usimwambie mtu. Nimeuharibu mlango mpya wa Bi Muzna kule Mbweni, na arusi ya bintiye Alkhamisi!

Asubuhi lenzi moja ilichopoka kwenye miwani yangu. Nikaifuta, nikaipachika mwenyewe. Kioo cha duara, utakosea nini?

Nafika kwake, nauona mlango umekwenda upande. Nikaukata chini, nikapiga randa. Bado. Nikakata tena. Bi Muzna akaja na pima maji, akaiegemeza mlangoni. "Fundi, mbona hii inasema uko sawa?"

Nikamwambia, "Pima maji yako mbovu."

Nilimwambia hivyo, Anuar! Mbele ya wakwe wa bintiye!

Akaniletea glasi ya maji. "Na haya nayo mabovu?" Wallahi niliyaona yamelala upande.

Sasa hivi natoka kwa Lamya wa duka la miwani. Kacheka mpaka kakaa chini. Anasema jicho langu limepinda upande mmoja, na lenzi imekatwa kuunyoosha upande huohuo tu. Kioo cha duara, lakini kina juu na chini yake! Nikikizungusha, kinapindisha dunia nzima. Akakirudisha kidogo kwa kidole, meza yake ikanyooka.

Bi Muzna kapiga simu. Hataki fundi mwengine. Aliyeukata ndiye atakayeuziba. Anasema mlango umefungwa, lakini paka anapita chini yake.

Nifuate twende wote, mwanakwetu. Peke yangu siwezi. Safari hii ntauona ulivyo.