Nimemwandikisha Mungu Mlinzi Upinde Wangu ili Nikwepe Ushuru

Mpendwa Shangazi Pelden,

Naomba msaada wako na naomba haraka, maana mechi ni Jumapili na leo ninapoandika ni Jumatatu, na tafadhali sana jina langu usilitoe gazetini, andika tu Mwenye Upinde, Paro, inatosha.

Mimi ni mkulima wa matofaa, nina mke anaitwa Seldon na binti yetu Dechen, na kabla ya haya aibu yangu ilikuwa moja tu, tena kubwa hapa Bhutan, kukosa shabaha. Mwaka jana tulipocheza na kijiji cha ng'ambo ya mto, hao hao tutakaokutana nao Jumapili, nilipiga mishale ya siku mbili bila kufungiwa hata kitambaa kimoja cha shabaha kiunoni, wenzangu wananing'iniza vyekundu, vya njano, vya bluu, mimi mkanda mtupu, na wanawake wa ng'ambo wakacheza mbele yangu wakiimba kwamba ubao wa shabaha uko salama kuliko ng'ombe anayekula majani nyuma yake, na kweli Shangazi ng'ombe alikuwepo, na kweli alikimbia. Mke wangu ndiye anayeongoza wanawake wetu kwa kejeli, ana ulimi ambao umewahi kumliza polisi, lakini siku hiyo alikosa la kujibu akabaki anakunja kitambaa mkononi, na hilo liliniuma kuliko wimbo wenyewe.

Basi Seldon akauza nguo ya hariri aliyoifuma kwa majira mawili ya baridi, nguo aliyotaka kuivaa kwenye sikukuu, akanipa pesa nikaagiza Marekani upinde wa kisasa, ule wenye roda juu na chini, wa mkono wa kushoto kwa sababu mimi ni mashoto, na akanipa bahasha nyingine ya pembeni akaniambia, "Baba Dechen, hii ni ya forodha. Usiiguse, usiifungue, hata usiiwaze."

Niliiwaza, Shangazi. Nilipofika forodhani niliiwaza sana, kwa sababu afisa aliyekuwa zamu, Bwana Gembo, alipiga hesabu, akajumlisha bei, akajumlisha usafiri, akajumlisha sijui nini, akageuza karatasi nione, na ile hesabu ililingana sawasawa na pesa ya kwenye bahasha lakini mimi macho yaliniuma kana kwamba yametiwa pilipili, na pale pale ulimi ukakimbia peke yake.

Akaniuliza, "Upinde huu ni wa kwako?"

Nikasema, "Hapana bwana. Ni sadaka. Ni wa mungu mlinzi wa kijiji chetu, unakwenda kutundikwa hekaluni."

Si unajua kile chumba cha mlinzi, kimejaa ngao na panga za mababu, watu hutoa silaha zao zikakaa ukutani milele, ndiyo maana wazo lilinijia upesi. Bwana Gembo akatema tambuu, akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa mpaka kikagusa boksi. Nami nikainamisha changu, ningefanyaje?

Kisha akasoma tena karatasi ya kiwandani. "Hapa wameandika mkono wa kushoto."

"Ndiyo, bwana."

"Mlinzi wenu anatumia kushoto?"

Nikamjibu, "Tangu zamani, bwana."

Akatikisa kichwa kwa heshima, akavuta kalenda ya mnajimu kwenye droo, akapitisha kidole, akasema, "Siku njema ya kutoa sadaka ni Jumapili ya wiki ijayo, asubuhi. Nitakuja mwenyewe nishuhudie, na mama yangu nitamleta asubiri nje, maana wanawake hawaingii mle, apate baraka." Akagonga muhuri, akaandika kwa wino kwamba ni mali ya hekalu, si ya matumizi ya mtu, isitozwe ushuru, nikatoka na boksi begani na bahasha ndani ya joho langu la gho, kifuani, inaniwasha mpaka leo.

Nilidhani yameisha. Kumbe mama yake Bwana Gembo huuza jibini sokoni, jirani na duka lililonunua ile hariri, akamshika Seldon mikono yote miwili mbele ya watu, akamwambia, "Mwanangu, umeuza hariri yako ukampa mlinzi! Wanawake kama wewe wamekwisha." Seldon akaja nyumbani, mimi nikajiandaa kurushiwa sufuria, badala yake akasimama mlangoni akilia, akasema, "Nilidhani nimeolewa na mtu wa upinde tu. Kumbe nimeolewa na mtu mwema." Tangu siku hiyo ananiwekea nyama juu ya wali, Shangazi, ananiangalia vile alivyoniangalia kabla hatujaoana, na mimi nampenda na naona aibu, nyama nampitishia Dechen.

Nahodha wetu, Mzee Chencho, naye habari zikamfikia, akanijia shambani ananguruma, "Umempa mlinzi upinde? Vizuri. Basi Jumapili mlinzi aje apige raundi ya kwanza, wewe ukae ukutani!" Nikamnong'oneza ukweli akacheka hadi akakaa chini, halafu akaacha kucheka, kwa sababu alikumbuka huyo mlinzi ndiye tunayemwomba ushindi kabla ya kila mechi.

Na jambo linalonitisha kuliko yote ni hili, tangu nifungue lile boksi nimefanya mazoezi kwa kujificha nyuma ya ghala, nimepiga mishale arobaini, sijagusa ubao hata mara moja, mmoja ulirudi karibu na mguu wangu na sijui hata umewezaje. Je, mlinzi ameshachukua mali yake? Nikiutundika upinde, hariri ya mke wangu itaning'inia gizani milele na timu itashindwa. Nisipoutundika, Bwana Gembo atasimama pale na mama yake wakinisubiri. Nikisema ukweli, Seldon hataniangalia vile tena. Nifanye nini?

Mwenye Upinde, Paro

*

Mwenye Upinde,

Nimekuficha jina kama ulivyoomba. Lakini hebu niambie, baba: umemtaja mkeo, umemtaja binti yako, nahodha, afisa, mama wa afisa na jibini lake, ukataja hata mkono unaotumia. Paro nzima ina wapiga mishale mashoto wangapi wanaolima matofaa? Gazeti hili hutoka Alhamisi asubuhi. Wewe kwa kawaida hulisoma mchana, baada ya shamba. Basi jua kwamba hapa unaposoma, sokoni wameshamaliza.

Pole. Nimekuonea huruma kweli, maana nimewahi kuimbiwa na wanawake wa ng'ambo mimi mwenyewe, na nilikuwa nimekaa tu nakula. Lakini huruma yangu ni fupi, inaishia hapa.

Kwanza, Bwana Gembo hukumdanganya hata dakika moja. Nimefungua kalenda ya mnajimu ya kwangu. Jumapili hii si siku ya sadaka, ni siku nzuri ya kunyoa nywele. Aliichagua kwa sababu ni siku ya mechi, na yeye ni mtu wa ng'ambo ya mto, kama ungemuuliza mamaye anatoka wapi ungejua. Binti wa dada yangu yuko kwenye kikundi chao cha wanawake, na wiki nzima ananitesa na wimbo mpya wanaoufanyia mazoezi. Unamhusu mungu mashoto anayeagiza vitu Marekani na kuogopa risiti. Nilishangaa wameupata wapi. Barua yako ilipofika nikaacha kushangaa, nikacheka mpaka chai ya siagi ikanitoka puani.

Hata hivyo huyo afisa ni mwungwana. Angeweza kukukamata pale pale. Amekupa siku za kurudi mwenyewe, na wewe umezitumia kupiga ghala.

Pili, habari ya mlinzi kuchukua mali yake, acha. Nimekwenda hekalu lenu. Mlinzi aliyechorwa pale ukutani anavuta kwa mkono wa kulia, na ana mikono sita ya kuchagua. Upinde wako wa nini kwake? Unakosa kwa sababu kila unapovuta unageuza shingo kutazama kama hekalu linakuona. Nani anapiga ubao ulio mita mia na arobaini akitazama nyuma?

Sasa Seldon. Hapa sichezi. Mwanamke ameuza majira mawili ya baridi ili usiimbiwe tena, nawe ukaokoa pesa aliyokwisha kuitenga, tena pesa yake. Hukuokoa kitu, ulimwibia sifa usizostahili. Unaogopa hatakuangalia vile tena? Alikuwa anamwangalia mtu mwingine kabisa, huyo uliyemtunga forodhani. Mrudishie mumewe wa kweli, hata kama ana kasoro, ndiye ambaye kwa ajili yake aliuza hariri. Mwambie leo, kabla jirani hajaleta gazeti. Kama jirani ameshalileta, mwambie vilevile. Atarusha sufuria. Usikwepe sana.

Kesho Ijumaa, ofisi ikifunguliwa, uwe wa kwanza mlangoni, naye awe kando yako kama atakubali. Toa bahasha kwa mikono miwili, na useme hivi, bila kuongeza neno: "Upinde ni wangu. Nilidanganya. Naomba kulipa." Wakikutoza na faini, lipa. Huna pesa ya faini? Uza matofaa, usiuze hadithi. Risiti uiweke kifuani pale pale ilipokuwa bahasha, haitakuwasha.

Jumapili asubuhi nenda hekaluni kama ulivyoahidi, maana ahadi uliitoa, hata kama uliitoa kwa ulimi uliokimbia. Chukua ule upinde wako wa zamani wa mwanzi, uliokuaibisha mwaka jana, utundike. Huo ndio wako kweli, umeutolea jasho na umeutia aibu, mlinzi hatauona mdogo. Mama wa Bwana Gembo apate baraka zake, safari ile si fupi kwa miguu yake.

Halafu shuka uwanjani. Wimbo utaimbwa, hilo huwezi kulizuia, na mimi nitakuwepo kuusikiliza. Ila mwaka huu Seldon atakuwa na jibu, kwa sababu atakuwa ameusikia ukweli kwako mapema, na ulimi uliomliza polisi hautashindwa na afisa wa forodha. Ukipata shabaha, cheza, ufungiwe kitambaa chako. Na mshale ukienda kwa ng'ombe, mwombe ng'ombe radhi, inua kichwa na uvute mwingine. Utakuwa umekosa kwa upinde wako mwenyewe, uliolipiwa ushuru.

Shangazi Pelden