Faili la Wosia wa Baba

Windhoek

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepunguza maumivu na alizeti imepata mvua. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanionea. Najua bado hujapata miwani mipya, kwa hiyo anayekusomea barua hii ni Neema. Neema, mdogo wangu, usiruke mahali ninapokusema.

Mama, ile kadi ya kumbukumbu ya simu ya marehemu Baba imenichekesha na kuniliza. Nilikosa mazishi yake, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana Neema aliponiambia kwamba ndani ya kadi kuna faili la wosia, alilolichapa Baba mwenyewe kwa kidole kimoja, sikupata raha tena. Simu yenu iligoma kulifungua. Nikaomba mnitumie, ukakataa. Nikasema mlipeleke kwa mafundi wa Singida Mjini, ukanijibu, "Wageni wasome maneno ya baba yenu kabla ya wanawe?" Nilikasirika, Mama, sikufichi. Baadaye nikaona una haki.

Basi nikatengeneza ule ukurasa niliomtumia Neema. Kazi yangu huku ni hiyohiyo ya kurasa za mtandaoni, lakini huu niliuandika kwa ajili yako. Unaufungua kwenye simu, unabonyeza "Chagua faili", unalichagua kwa mkono wako, nao unalisoma humohumo ndani ya simu. Hakuna herufi hata moja inayotoka, hata kuja kwangu. Wala haujichukulii kitu. Unasoma kile tu ulichoupa.

Sasa Neema akaupa picha ya Baba, ile ya suti ya kahawia! Eti maneno yake yatakuwa pale ulipo uso wake. Kioo kikajaa vialama visivyosomeka, nawe ukauliza Baba anasema lugha gani huko aliko. Nilicheka mpaka wenzangu wa ofisini wakaja kunitazama. Siku hiyohiyo nikaurekebisha, ukipewa picha useme kwamba hili si faili la maandishi.

Juzi Neema akalipata faili lenyewe. Nilikuwa kwenye simu nikisikiliza. Akasoma mstari wa kwanza: "Wanangu, msisome haya mpaka mkae wote na mama yenu."

Ukasema, "Funga."

Neema akafunga. Mimi niliyeutengeneza ukurasa huo sijaona hata nukta, na nakushukuru, Mama. Siku zote nimejiona mtoto aliyekosekana, kumbe Baba alinihesabu.

Nimeomba likizo nimepewa. Nitafika alizeti ikivunwa. Nisalimie Mama Mdogo, na Mjomba Yona wa Kilimatinde mwambie zile redio zake nitazitazama. Kadi iweke sandukuni, ufunguo ukae nao wewe, maana Neema namjua.

Nitolee kigoda changu nje kipigwe jua.

Ni mimi mwanao Elia, ninayekuja tukae wote.