Asubuhi Nilizotoka Kama Mtu wa Kazi

Nekesa mjukuu wangu,

Unakula vizuri huko Mombasa? Sisi tuko salama. Mjomba wako amepata mtoto wa kike, na goti langu linanisumbua kidogo tu, usiogope.

Umeniuliza kama uandike kwenye ule mtandao wa watu wa maofisi kwamba kazi iliisha na unatafuta nyingine. Unaona haya kwa sababu uliosoma nao wataona. Haya hiyo naijua.

Miaka ya tisini, tukikaa Kayole, Nairobi, kiwanda nilichofanyia kazi kilitufuta. Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilivaa ovaroli, nikabeba chakula, nikapita mbele ya majirani, kumbe naenda kusimama kwenye mageti ya viwanda nikingoja kibarua.

Siku moja jirani yangu Mama Njoroge, msimamizi kwenye kiwanda cha biskuti, akanikuta bombani.

"Mama Nafula, wewe umebarikiwa! Juzi nimetafutia kiwanda chetu wanawake wa kupakia biskuti kwenye katoni. Wewe nikakuruka, nikasema huyu kazi yake anayo, hata Jumamosi hatulii!"

Hata hapo, Nekesa, mdomo ulikataa. Nilicheka, nikamwambia, "Wacha tu, dada, kazi ni nyingi."

Nikabeba maji yangu, nikaingia ndani, nikaketi kitandani. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko nainamisha kichwa.

Andika, mama. Wale uliosoma nao hawawezi kukuitia kazi wakidhani unayo. Ukimaliza nipigie, maana nitakuwa nimekaa na simu mkononi.

Kukhu, nyanya yako anayekuwaza