Injini ya Jikoni

Augsburg, 3 Novemba 1985

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua hakijambo? Shangazi Hilde amenidokeza kwenye kadi yake kwamba umeanza tena kukohoa, na kwamba ukitajiwa daktari unatoka nje kwenda kuchanja kuni. Sisi huku tu wazima. Friederike ametimiza miaka mitatu, ana maneno kama wakili, na picha yako ya kiwandani ameibandika juu ya kitanda chake kwa plasta ya kidonda.

Habari nyingine si nzuri, na ni heri uisikie kwangu. Lothar ameondoka. Amempata mwalimu wa kuteleza kwenye theluji huko Kempten. Ametuachia lile basi dogo la kulalia, lenye kitanda nyuma na jiko la gesi, ambalo tangu kiangazi halitembei. Siku injini ilipokufa ilipiga kelele kama mtu anayeponda sufuria kwa nyundo, halafu kimya. Pale mlangoni, sanduku mkononi, Lothar akaniambia, "Liuze chuma chakavu, Anne. Wewe hata balbu huwezi kubadilisha."

Balbu nabadilisha, baba.

Sasa sikiliza nilichowaza. Wewe wa Ujerumani Mashariki huruhusiwi kuja huku Magharibi, na mimi niliyetoka huko bila ruhusa siruhusiwi kurudi. Lakini Hungaria sote tunaweza kwenda. Kila kiangazi ndugu wa huku na wa huko wanakutana kwenye ziwa Balaton. Basi likipona tutakuwa na pa kulala na pa kupikia, sote watatu, zaidi ya wiki nzima. Injini ile unaijua tangu vitani. Nifundishe kwa barua. Mikono ninayo.

Mwanao anayekukumbuka,
Annegret


Plauen, 24 Novemba 1985

Mwanangu Annegret,

Marahaba. Barua yako imefika, imefunguliwa njiani na kugandishwa tena kwa gundi mbovu, lakini imefika. Nashukuru kwamba mu wazima. Kikohozi changu kinajikohoa chenyewe, mimi sijakituma. Usimsikilize Hilde.

Kuhusu Lothar sitasema kitu. Niliyokuwa nayo nimeyasema peke yangu jikoni, mpaka paka akaomba kufunguliwa mlango.

Tuje kwenye injini. Hiyo mimi niliifungua Urusi, theluji magotini, vidole vimekufa ganzi, na ofisa nyuma yangu ananitukana. Wewe una jiko lenye joto na hakuna wa kukutukana, kwa hiyo usiniambie huwezi. Haina maji, inapozwa na upepo. Silinda ziko nne, mbili zimelala kulia, mbili kushoto. Kwanza mwaga oili kwenye beseni jeupe uitazame juani. Ukiona inametameta kama imetiwa vumbi la dhahabu, beringi zimekwisha. Kisha weka jeki chini ya injini, fungua bolti zinazoishikilia kwenye giaboksi, ivute nyuma polepole. Usiingie chini yake hata kama umesahau spana huko. Spana inanunuliwa.

Kila unachokitoa kipange juu ya shuka kuukuu kwa utaratibu uliokitoa. Pistoni ziandike namba. Zinafanana, lakini kila moja imezoeana na silinda yake kama mume na mke, ukizichanganya zitakwaruzana.

Samahani, mfano huo kwa sasa haukufai.

Baba yako


Augsburg, 19 Januari 1986

Baba mpenzi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Kahawa niliyokutumia ilifika? Usimgawie Hilde yote. Sisi ni wazima, ila mikono yangu inanuka mafuta ya taa hata nikikanda unga.

Tumeishusha! Nilikuwa uani peke yangu nahangaika na jeki, Bi Hölzl mwenye nyumba akatokea, mikono kiunoni.

"Bi Annegret, mimi nilikupangisha nyumba au gereji?"

"Leo gereji, Bi Hölzl. Jumapili itakuwa nyumba."

"Na uchafu wote huo utauosha wapi?"

"Jikoni."

Alinitazama sana. Halafu akavua pete zake, akazitia mfukoni mwa aproni. "Shika upande ule. Ukijivunja kiuno kodi nitamdai nani?"

Basi injini iko juu ya meza ya jikoni, na sisi tunakula kitandani. Oili ilimetameta kama ulivyosema. Nimelipasua boksi la injini nusu kwa nusu, na beringi za kreki, ule mhimili wa katikati, zimelika mpaka shaba inaonekana. Kreki nimeipeleka kuchongwa. Kijana wa kule karakana akaniuliza, "Mumeo hakuja?" Nikamwambia yuko Kempten, anafundishwa kuteleza.

Friederike amewatangazia wenzake wa chekechea kwamba mama yake akimaliza, babu atatoka ndani ya injini. Sikumsahihisha.

Mwanao,
Annegret


Plauen, 16 Machi 1986

Mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa mjukuu wangu wakili. Kahawa imefika. Nimemgawia Hilde, analala karibu na mlango wangu kama mgonjwa wa kahawa.

Ruhusa nimepata! Balatonfüred, pale pale ziwani, kuanzia tarehe 12 Julai hadi 21. Nilisimama kaunta, dada mmoja wa ofisi ya ruhusa akagonga muhuri, na mimi nikajifanya mtu asiyejali. Nilipofika nje ilibidi nikae kwenye ngazi za ofisi kwanza.

Kreki ikirudi, paka oili kila kinachogusa chuma kingine, usibanie. Ukishaunganisha nusu mbili za boksi, kabla ya kukaza, izungushe kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini, kama mtoto anayejigeuza usingizini, kaza. Ikigoma, fungua uanze upya, hata kama unalia. Mimi nililia. Ofisa aliacha kunitukana siku hiyo.

Naanza kumshonea Friederike kola ya lesi. Miaka thelathini natengeneza mashine za lesi, sijawahi kuvalisha mtu wangu kipande.

Baba yako


Augsburg, 22 Juni 1986

Baba! Baba!

Shikamoo, u mzima, mimi ni mzima, injini ni nzima!

Tumeirudisha ndani ya basi, nikaiwasha. Mara ya kwanza ilikohoa tu kama wewe. Ya pili ikatoa moshi, majirani wakafunga madirisha. Ya tatu ikashika, baba, ikanguruma, na uani pote vikombe vikacheza kwenye sahani. Bi Hölzl alipiga makofi dirishani, halafu akakumbuka hadhi yake, akapiga kelele: "Haya, zimeni, watu wamelala!" Ilikuwa saa nane mchana.

Sikuizima. Nilikaa kwenye usukani nikaisikiliza. Niliwaza utakavyosimama nyuma yake, kichwa umekiinamisha upande kama unavyofanya, na utaniambia kilichobaki kurekebishwa. Kitakuwepo tu, wewe hujawahi kukosa la kurekebisha.

Kambi ya Balatonfüred, Jumamosi tarehe 12. Usitoke pale getini.

Mwanao,
Annegret


Balatonfüred, 21 Julai 1986

Annegret, mwanangu,

Natumai barua hii itakukuta, na itakukuta mzima, na mtoto pia. Kwingine sitaki kuwaza. Ninaiacha kwa mlinzi wa kambi, Ferenc, mtu mwema, tunaelewana kwa mikono.

Ruhusa yangu inaisha leo. Treni inaondoka mchana. Nimekaa getini tangu siku ya kwanza kama ulivyoniambia. Hujui mabasi ya aina hiyo yalivyo mengi duniani. Nikisikia injini kwenye kona nasimama. Jirani yangu wa hema, mtu wa Dresden, alikuwa akinitania: "Mzee Ewald, ukizidi kusimama hivyo watakutundikia taa." Siku za mwisho aliacha kunitania. Mkewe alikuwa ananiletea supu pale pale.

Kila asubuhi nilinunua tikiti maji, nikaliweka kwenye ndoo ya maji lipoe, jioni nikawapa watoto wa watu. La leo sikumpa mtu. Liko kwa Ferenc pamoja na kola.

Sina hasira. Nataka tu kujua kwamba mko hai.

Baba yako


Balatonfüred, 22 Julai 1986

Baba,

Tuko hai. Tuko hai, baba, hatukuumia.

Tumefika leo mchana. Ferenc alipoona namba ya gari alivua kofia yake, na kabla hajasema neno nilikwisha jua.

Tulitoka Augsburg Ijumaa tarehe 11, na injini ikawa inaimba hadi ndani ya Austria. Kwenye mlima mmoja kabla ya St. Pölten valvu ikakatika, ikatoboa pistoni. Zile valvu za zamani nilizozirudisha. Fundi wa pale akasema, "Kesho tu, bibi. Kifaa kinatoka Linz." Kesho yake akasema kesho. Nikapiga telegramu kwako, na leo ndiyo nimeambiwa iliangukia kambi nyingine ya upande wa pili wa ziwa.

Stesheni ya treni ilikuwa ng'ambo ya barabara, baba. Niliiona kila asubuhi nikimsuka Friederike nywele. Tungepanda siku ya pili tungekukuta. Lakini nilitaka uisikie. Nilitaka nije nayo, uitazame, useme lolote. Nikamwamini yule mtu na kesho zake.

Tumekula tikiti tumekaa pale ulipokuwa umekaa. Ferenc ametuonyesha, nyasi zimelala. Friederike amevaa kola na ameniuliza, "Babu amekwenda kununua nini?"

Nisamehe.

Annegret


Plauen, 14 Septemba 1986

Mwanangu,

Usinipigie magoti kwenye karatasi, wino unaenea. Mko hai, basi.

Ungekuja kwa treni ingekuwa vizuri. Nimeliandika hilo mara moja na sitaliandika tena. Mimi pia nilitaka kuisikia. Nilimwambia yule mtu wa Dresden kila siku: binti yangu ameifunga mwenyewe, jikoni. Mwisho nadhani alifikiri sina binti.

Ifungue tena. Valvu mpya safari hii, zote, usichague. Na mwakani tutajaribu.

Kikohozi kimehamia kwangu kabisa, kimeleta na vyombo vyake. Hilde amenishinda, nimekwenda kwa daktari.

Baba yako


Plauen, 26 Aprili 1987

Mwanangu Annegret,

Salamu kwako na kwa mjukuu wangu. Mimi naendelea, nimekonda kidogo, suruali zinanicheka.

Ruhusa ya Hungaria wamenikatalia. Sababu hawakutaja, na mimi sikuuliza, maana yule dada aliyenigongea muhuri mwaka jana alikuwa anatazama mezani.

Lakini usilie. Tarehe 30 Oktoba natimiza sitini na tano. Wazee wanaruhusiwa kuja huko kutembelea ndugu, hakuna anayeogopa kwamba mzee atapotea. Sihitaji ziwa wala matikiti. Nitapanda treni hadi Hof, mji wa kwanza wa upande wenu, na wewe utakuja kunipokea na hilo basi lako. Novemba. Nunua makaa, miguu yangu siku hizi ina baridi.

Baba yako


Augsburg, 8 Juni 1987

Baba mpenzi,

Shikamoo. Unakula? Daktari amesema nini hasa? Hilde anaandika kwa mafumbo, nieleze wewe.

Nimeifunga tena. Valvu mpya zote. Nimeipeleka hadi milimani na kurudi, mara nyingi, nikiwa na mizigo ya mawe ndani ili ijizoeze kukubeba. Bi Hölzl alikaa mbele akishikilia kofia: "Ukiniua, Annegret, kodi inapanda." Haikutetereka. Kitandani nimekuwekea godoro jipya na blanketi mbili, na Friederike amekutengea upande wa dirishani, ingawa yeye ndiye anayeupenda.

Novemba si mbali. Nitakuwa Hof tangu asubuhi.

Mwanao,
Annegret


Augsburg, 17 Agosti 1987

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua yangu ya Juni wala ya Julai. Pengine zimekaa mahali zinasomwa. Kama mkono umechoka, mwambie Hilde akuandikie, au weka tu alama kwenye karatasi, mstari mmoja, nitaujua ni wako.

Annegret


Mpakani, kaskazini ya Hof, 19 Septemba 1987

Baba yangu,

Telegramu ya Shangazi Hilde ilifika Jumatano. Alhamisi nilipiga simu kila mahali kuomba siku moja tu, nije nikuzike nirudi. Waliniambia aliyetoka bila ruhusa hapewi ruhusa. Nikasema ni baba yangu. Yule mtu akasema anaelewa, akakata simu.

Kwa hiyo nimekuja hadi pale gari linapoweza kufika. Barabara inakatika hapa, kuna nguzo, halafu uzio, halafu shamba lililolimwa safi ili nyayo za mtu zionekane, ambamo hakuna anayepanda kitu, halafu kijiji cha upande wenu. Hilde aliandika mazishi ni saa nne. Saa nne nimeligeuza basi, nyuma likaelekea kwenu, nikafungua mlango wa injini na kuiwasha.

Akaja askari wa mpakani wa huku kwetu, mtu mzima.

"Bibi, zima hiyo. Unawashtua walinzi wa ng'ambo."

"Leo baba yangu anazikwa Plauen."

Akatazama uzio, akamtazama Friederike aliyevaa kola yako juu ya koti. "Aliyeifunga injini hii ni nani? Inakwenda vizuri."

"Mimi," nikasema. "Yeye na mimi."

Akavua kofia, akasimama nasi. Upande wa pili mlinzi alikuwa anatutazama kwa darubini tangu mwanzo mpaka mwisho.

Barua hii nampelekea Hilde, akusomee kaburini, apandishe sauti, wewe sikio la kushoto halisikii.

Kutoka hapa Plauen haionekani, baba, iko mbali nyuma ya vilima. Lakini Friederike alipanda juu ya bampa akauliza, "Mama, nyumba ya babu ni ipi?" Nikamwonyesha moja, yenye paa jekundu na moshi unaotoka. Akaanza kuipungia mkono. Aliipungia mpaka mkono ukachoka, akabadili, akaendelea na mwingine.

Mwanao,
Annegret