Kompyuta Inayovuma

Kaka Abdulwahab,

Shikamoo. Huku Mbegani mvua zimenyesha, mihogo imeshika.

Unasema tusubiri mwakani, huko Maskati zitatoka kompyuta zenye prosesa ya kasi zaidi. Wewe na kasi! Unaikumbuka hii kuukuu uliyotuachia? Kila tukiiwasha tukupigie, feni inavuma weee, na mama yuko mkekani anakuombea dua mpaka sura yako itokee.

Siku hizi mama hanitambui, ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Lakini akisikia feni ile, huinua mikono na kukutaja wewe.

Hiyo ya mwakani itawaka papo hapo, kimya. Mama atakuombea saa ngapi?

Usilete kompyuta. Njoo mwenyewe, jina lako bado analo.

Mdogo wako,
Adila