Kopo la Mafuta Mekundu

Masoko, Kilwa

Kwa dada yangu Mwanaima, Mtanda, Lindi.

Shikamoo dada. Natumai goti limepunguza kuuma na kuku wako wanataga. Mimi mzima, alhamdulillahi, meno tu ndiyo yananiaga moja moja. Mkono wangu ni mzito wa kalamu, unaujua, lakini haya sikutaka kumtuma mtu kwa mdomo. Atakayekusomea asiruke neno, hata likimchoma.

Ni habari za mjukuu wetu Warda. Tangu aje hapa uwanja wa ndege na cheti chake, mimi sina raha. Dada, breki za malori ya ufuta, Kiranjeranje hadi Lindi, nani alizifunga? Mimi. Ndege ya tajiri wetu Klementi nimeihudumia miaka kumi na tisa bila cheti, kwa sikio na kidole. Sasa rubani Valentini akitua hanitafuti mimi, anauliza Warda yuko wapi. Hata chai anapelekewa yeye kwanza.

Na kazi yake ni ya kudekeza. Raba za breki, zile ringi ndogo zinazozuia mafuta yasivuje, yeye anazitoa hata hazijavuja. Nikamwambia mke haachwi kwa kosa ambalo hajalifanya. Akacheka, akasema, mume wangu, raba haisubiriwi ivuje, mimi nazibadili kwa tarehe, si kwa msiba. Ni utani wa babu na mjukuu, lakini mafundi wote walicheka, na kicheko kile kimenikaa kooni mpaka leo. Kisha akaandika ubaoni kwamba breki za ndege hii ni mafuta mekundu tu, ya gari marufuku. Ubao wangu, dada, nilioupigilia misumari mwenyewe.

Mwezi uliopita ndege ilitua, ikapitiliza mwisho wa njia, ikaingia majanini. Valentini alisema kanyagio lilizama kama anakanyaga tope. Ndani mlikuwa na abiria wanne, mmoja mama wa Miteja na mtoto wa wiki tatu. Walitoka salama wote. Warda akafungua breki, akakuta raba zimevimba na kulegea kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Akazinusa. Akanitazama mikono. Halafu akalifunga daftari la ukaguzi, lenye sahihi yake. Klementi alimwachisha kazi siku ileile, na mtoto hakujitetea hata kwa neno moja. Aliponiaga alisema tu, mume wangu, usisahau dawa ya presha.

Dada, niliyeharibu ni mimi. Wiki moja kabla, niliona mafuta yamepungua kwenye kopo la breki za ndege. Mafuta mekundu yalikuwa kabatini, ufunguo anao Warda, na mimi kumwomba ufunguo mtoto niliyembeba mgongoni nikaona fedheha. Nikachukua mafuta ya breki ya gari, nikajaza. Yeye alipokagua aliona kopo limejaa, akatia sahihi. Ndege ikawa inaruka na kutua, nami nikawa nacheka moyoni, kumbe raba zinaliwa na mafuta ya gari.

Jana nimekwenda kwa Klementi, nimemwambia yote. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo wa banda la ndege. Amesema Warda arudi Jumatatu, mabomba ya breki yaoshwe yote, raba zote zitupwe, na mtu mwingine asiiguse ndege. Niliposikia hilo la mwisho wivu ulinichoma tena, sikufichi.

Najua wewe hukusoma, na nyumbani kwako msomaji ni mmoja, tangu afukuzwe kazi aje kwako. Basi Warda, uliyefika mstari huu, msomee bibi yako, sauti isikatike. Nisamehe. Ndege iko juu ya jeki, inakungoja. Ubao sijaufuta. Ila kukaza nati bado nakushinda.

Nisalimieni majirani wote na Mungu awaweke.

Mdogo wako, na mume mkaidi wa msomaji,
Yasini